Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo: Msimfungue mfuko kwa ajili ya swala

 

Leo tunazungumzia mtihani unaozikuta nyumba nyingi. Mzee amezibwa mkojo na tezi dume, mama ametoka kufanyiwa upasuaji wa fistula, au ndugu amepooza kwa kiharusi. Wagonjwa hawa huwekewa mpira unaopita njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, na mkojo ukateremka kwenye mfuko. Wapo wauguzaji ambao adhana ikilia huuchomoa mfuko ule kwenye mpira, ili mgonjwa asiswali akiwa na najisi. Nia ni njema, lakini kitendo hicho kinaweza kugharimu maisha yake.

Bakteria wanaingiaje?

Kwa mtu mwenye afya, mkojo unapotoka huwasukuma nje bakteria waliokaribia. Mpira huiondoa kinga hiyo. Unakaa ndani usiku na mchana, na bakteria hupanda kwa nje yake, au kupitia ndani yake pale mfuko unapofunguliwa. Kila siku inayopita, kati ya wagonjwa 100, wapatao 3 hadi 8 huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Ukifika mwezi mmoja, karibu wote wanao.

Silaha za bakteria

Silaha ya kwanza ni vinywele. Bakteria aitwaye E. coli kwa kawaida huishi kwenye utumbo wetu bila madhara. Lakini ana vinywele vyembamba mno, na akifika kwenye kibofu hung'ang'ania kama vishona nguo kwenye kanzu.

Silaha ya pili ni utando. Wakishanata kwenye mpira, bakteria hujifunika kwa ute, mfano wa ule utelezi wa ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa hazipenyi vizuri humo, na wengi wao hupunguza kasi ya kukua, ilhali dawa nyingi huua zaidi wale wanaokua. Ndiyo maana mgonjwa humeza dozi, homa ikashuka, kisha ikarudi.

Silaha ya tatu anayo Proteus mirabilis. Huyu huvunja yurea iliyomo kwenye mkojo ikawa amonia. Mkojo ukipoteza uasidi wake, madini huganda ndani ya mpira kama ukoko wa birika. Mpira ukiziba, mkojo unaweza kurudi hadi kwenye figo, na bakteria wakaingia kwenye damu. Hapo mgonjwa yuko hatarini kufa.

Vipi kuhusu swala?

Mgonjwa huyu ni mwenye udhuru, sawa na mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Mtume (S.A.W.) alimuelekeza Bibi Fatima bint Abi Hubaysh, aliyekuwa akitokwa na damu ya istihadha, aswali na atawadhe kwa kila swala. Wanazuoni wengi wamekisia hapo hukumu ya wenye udhuru wengine. Basi wakati wa swala ukiingia, mwagieni mkojo kupitia koki ya chini ya mfuko, msafisheni, atawadhe au atayamamu kama hawezi kutumia maji, kisha aswali na mpira wake. Akiswali kwa kukaa au kulala, mfuko uning'inie chini yake. Kwa masuala ya undani, muulizeni sheikh wenu.

Ya kuzingatia nyumbani

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.

2. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu daima, lakini usiguse sakafu. Usiwekwe juu ya godoro wala tumboni.

3. Osha sehemu mpira unapoingilia kwa maji na sabuni kila siku. Kwa mwanamke, osha kutoka mbele kwenda nyuma.

4. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amemuwekea kiwango.

5. Msiuvute mpira kuutoa. Ndani kuna puto lililojazwa maji, nalo litamjeruhi.

6. Msinunue dawa dukani kwa sababu tu mkojo unanuka au una mawingu. Dawa zisizo na lazima huwazoesha bakteria usugu.

Mkiona homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au chini ya tumbo, damu kwenye mkojo, kuchanganyikiwa kwa ghafla, au mkojo umeacha kutoka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili hubadilishwa kwanza, ndipo mkojo upimwe na dawa ianze, kwani ule wa zamani umebeba utando.

Mwisho, kila mnapokwenda kliniki ulizeni: je, mpira huu bado unahitajika? Kinga kubwa kuliko zote ni kuutoa mapema mara haja yake inapokwisha.

Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaowauguza. Amin. Wabillahi tawfiq.