Baraka ya Roma Nyumbani Mulungwishi

Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko aliadhimisha Misa huko Ndolo, Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Sisi wa Mulungwishi tu mbali mno na Kinshasa. Lakini mwenye kompyuta na intaneti aliweza kuifuata saa ile ile.

Hivyo pia baraka ya Urbi et Orbi, itolewayo Noeli na Pasaka. Kanisa lafundisha kwamba aipokeaye kwa ibada, hata kwa redio, televisheni au vyombo vipya, aweza kupata rehema kamili kwa masharti ya kawaida, mradi aifuate inapotolewa. Kutazama kesho yake hakutoshi. Basi ni hasara kubwa kompyuta ikizimika dakika ile!

Tangu jana yake jazeni betri, maana umeme wetu twaujua. Zuieni programu zisijisasishe zenyewe. Hizo hula mega kimya kimya kama mchwa, na fedha ya baba huisha kabla Papa hajatokea roshanini. Fungeni kurasa nyingine zote. Picha ishusheni hadi 240: uso utafifia kidogo, bali sauti itafika bila kukatika, nasi twaona sauti ndiyo kubwa.

Angalieni saa pia. Wakati wa Noeli Roma iko nyuma ya Katanga kwa saa moja. Saa sita yao ni saa saba yetu.

Misa ya Jumapili ni jambo jingine: mwenye afya aende kanisani.