Kijana, Gunia na Kura: Tuwaelewe Vijana wa Njombe na Makambako



Tunapotembelea sharika, wazee wa kanisa hutuuliza: mbona vijana wa siku hizi hawana imani na viongozi, na hata vikao vyetu hawaji? Wengine husema ni uvivu, wengine husema ni simu. Sisi tuliokaa nao mashambani na vijiweni tunaona jibu liko kwenye hesabu ya maisha yao ya kila siku. Tunaieleza hapa ili kamati za sharika na wafadhili wetu wajue pa kuanzia.

Gharama zilivyopanda

Makambako ni njia panda. Malori ya Zambia na Kongo hupita hapo, barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni. Kijana asiye na shamba hutegemea bodaboda, mara nyingi ya mkataba: humlipa mwenye pikipiki kila wiki hadi iwe yake. Agosti 2022 bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na huku kwetu mbali na bandari ikawa juu zaidi. Hesabu ya mwenye pikipiki haikupungua. Kilichopungua ni chakula cha nyumbani kwa kijana.

Kwa mkulima, mzigo ulikuwa mbolea. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka shilingi 130,000. Serikali ilileta ruzuku msimu wa 2022/23 na mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000. Huo ulikuwa msaada mkubwa. Hata hivyo, ruzuku humfikia mkulima aliyesajiliwa. Kijana anayekodi ekari moja, na jina lake halimo kwenye daftari la wakulima, huikosa.

Lumbesa na parachichi

Viazi mviringo vinapokuwa tayari, mnunuzi huja na gunia lililoongezwa kichwa, yaani lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lakini shambani hakuna mizani, na viazi haviwezi kungoja. Kijana hulipwa kwa gunia moja ilhali ametoa zaidi ya gunia moja. Mithali 11:1 inatukumbusha kwamba kipimo cha udanganyifu humchukiza Mungu. Kwa hiyo jambo hili si la soko tu, ni la mimbari pia.

Tumaini kubwa la vijana wengi sasa ni parachichi, hasa baada ya China kufungua soko lake kwa parachichi za Tanzania Novemba 2022. Lakini mche uliobebeshwa huanza kuzaa vizuri kuanzia mwaka wa tatu. Anayeweza kusubiri ni mwenye ardhi yake na chakula ndani. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda mti.

Siasa kwa macho ya kijana

Hapo ndipo siasa inapoingia. Kijana hamwulizi kiongozi itikadi yake. Anauliza nani alipanga bei, nani anasimamia mizani, na mkopo wa halmashauri umekwenda wapi. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024. Vikundi vya kweli vilivyokuwa vinasubiri zamu viliumia pamoja na vile vya uongo.

Kisha ukaja Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, ulioambatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Novemba mwaka huo Rais aliunda tume ya uchunguzi. Tunaendelea kuwaombea waliofiwa. Tangu hapo tunakutana na vijana wawili tofauti: mmoja amejaa hasira, mwingine amenyamaza kabisa. Wazazi humwogopa wa kwanza. Sisi tunamhofia zaidi wa pili, kwa sababu aliyekata tamaa haji tena kikaoni, na hatuwezi kujua kinachomuumiza.

Tufanye nini?

Kanisa halina chama, na halitakuwa nacho. Lakini linaweza kumrudisha kijana mahali ambapo sauti yake inasikika kwa amani. Mahali pa karibu ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Hapo mapato na matumizi husomwa, na hapo kijana ana haki ya kuuliza.

Tunaziomba kamati za sharika mambo matatu. Kwanza, mnunue mizani ya pamoja na kuiweka karibu na mashamba msimu wa viazi. Pili, muwasaidie vijana kujisajili kwa ajili ya mbolea na kuandika katiba za vikundi vyao. Tatu, pale usharika una ardhi isiyolimwa, muwakodishe vijana kwa mkataba wa maandishi wa miaka mingi, wapande parachichi na kuchanganya maharage wakati wakisubiri.

Kwenu wafadhili, tunaomba uvumilivu. Mradi wa mwaka mmoja hauwezi kuvuna mti wa miaka mitatu. Msitupime kwa idadi ya semina. Njooni mtuulize ni vijana wangapi bado wana shamba mwaka wa nne.

Nabii Yeremia (29:7) aliwaagiza watu wa Mungu wautafute ustawi wa mji wanamoishi. Vijana wetu wanautafuta. Tusiwaache wautafute peke yao.