DNA Yako Haing'ai

Swali ni lile lile, liulizwe Kwamsisi ya Handeni au Kwamsisi ya Korogwe mjini: "Dokta, ninyi mnatoboa watu vidole na kutuweka foleni, na ile mashine ya kushika kiganjani inasoma DNA kwa mwanga dakika moja tu. Kwa nini hospitali haziinunui?" Kwanza, mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Pili, haisomi.

Mashine yenyewe mnaijua: kishikio cha chuma chenye waya, kompyuta ndogo, na kurasa za majibu zinazotaja ini, figo, mifupa, "sumu mwilini" na, siku hizi, vinasaba. Pembeni kuna makopo ya virutubisho, na kwa bahati njema ya muuzaji, kila ugonjwa ulioonekana una kopo lake. Wateja wake wamesikia kuwa wanasayansi huichunguza DNA kwa mwanga. Hilo ni kweli, na ndilo linalouza uongo uliobaki.

Tuanze na DNA yenyewe. Herufi zake nne, yaani besi, hufyonza mwanga wa urujuanimno, hasa ule wa nanomita 260 hivi, kisha hutupa nguvu zake kama joto. Besi moja moja hufanya hivyo ndani ya muda ulio chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Katika kila fotoni elfu kumi zilizofyonzwa, takriban moja tu hurudi kama mwanga. Ni heri kwetu, kwa sababu nguvu zinazotupwa upesi hazipati nafasi ya kuharibu vinasaba vyetu kila tunapotoka juani. Lakini kwa anayetaka kuisoma kwa mng'ao, DNA ya asili ni giza.

Sasa turudi kwenye kishikio. Chuma hakitoi urujuanimno. Hata kingeutoa, mwanga wa nanomita 260 huishia kwenye tabaka la juu la ngozi na kuiunguza, ini haulifikii. Umeme mdogo unaopita kati ya kiganja na chuma unaweza kupima jinsi ngozi ilivyo na jasho, basi. Na tuseme, kwa hisani, kwamba DNA ingesomeka hivyo: bado isingekuonyesha sumu kwenye figo, kwa kuwa seli za figo na za kiganja zina DNA karibu ile ile. Aliyeahidi kukusomea vidonda vya tumbo kutoka kwenye vinasaba hajui vinasaba ni nini, au anajua na hajali.

Hamniamini? Kabla ya kukupima, mwenye mashine hukuuliza umri, jinsia, urefu na uzito. Rudi kesho, mwanamume ujiandikishe mwanamke, ongeza miaka 30, uone kama hutapewa taarifa za kizazi chako. Kipimo cha kweli hakihitaji kuambiwa majibu kwanza.

Wanasayansi nao walilikuta giza hilo hilo, wakalizunguka. Mwaka 1969 Ward, Reich na Stryer walieleza mng'ao wa besi zilizobadilishwa kidogo, mojawapo 2-aminopurini. Ni adenini, mojawapo ya zile herufi nne, iliyohamishwa kikundi chake cha amino kutoka nafasi ya 6 hadi ya 2. Bado inashikana na thaimini, lakini ukiimulika karibu na nanomita 310 hung'aa karibu na 370. Ikiwa peke yake majini, zaidi ya nusu ya fotoni inazofyonza hurudi kama mwanga. Ikibanwa kati ya besi nyingine ndani ya uzi wa DNA, ni kama abiria aliyebanwa kiti cha nyuma cha daladala: hata mkono hainui. Mng'ao hushuka mara kumi, hata mara mia. Kimeng'enya kikiivuta nje ya uzi, mwanga unapanda tena. Kwa hiyo mwanga ule si picha ya DNA. Unaeleza tu kama besi moja, pale ulipoipandikiza, imebanwa au imeachiwa.

Kwa njia hiyo dawa za jamii ya gentamaisini, ile sindano mnayoijua, zilichunguzwa kwenye RNA ya ribosomu ya bakteria. Adenini mbili, namba 1492 na 1493, husukumwa nje dawa inapoingia, na ribosomu huanza kukosea inapotengeneza protini. Besi inayong'aa ikiwekwa mahali pa mojawapo, mng'ao hubadilika dawa inaponata. Yote hayo hufanyika kwenye kipande kifupi cha RNA kilichotengenezwa maabara, ndani ya kijichupa safi. Hakuna mgonjwa humo.

Kusoma herufi zenyewe ni kazi nyingine, na Korogwe inajua thamani ya kuzisoma kwa uhakika. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha dawa ya SP ikishindwa kuwatibu watoto wengi wenye malaria, huku vimelea vikibeba badiliko la nafasi ya 581 katika jeni ya dhps: herufi moja, C imekuwa G. Ilipatikana kwenye damu ya kidole, baada ya DNA kuzidishwa kwa PCR.

Basi, ukihitaji kipimo: homa, nenda zahanati ukapimwe mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria; husaka protini ya kimelea, wala si DNA, na yaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo usiitumie kuhakikisha umepona, hapo omba hadubini. Kikohozi cha wiki mbili, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu kwa GeneXpert, ambayo kweli hutumia vinasa vinavyong'aa na humaliza kwa saa mbili hivi. Mtoto wa mama mwenye VVU, tone la damu kwenye karatasi akiwa na wiki nne hadi sita. Ubaba, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009; huendi mwenyewe tu, pitia wakili, ustawi wa jamii au mahakama. Vyote hivi huanza na sampuli: damu, makohozi au mate. Asiyekuchukua sampuli hajapima DNA yako.