Wiski ya Uskoti hunuswa kwanza

Msomaji usiyetumia kileo, kwa dini au kwa hiari yako, niwie radhi, makala haya hayakuhusu. Nawaandikia wale wanaochanga pesa na wenzao, wakanunua wiski ya bei ya mbuzi, kisha wakaijaza soda na barafu hata isijulikane ilikuwa nini.

Sisi tuko wanne na hukutana mara moja kwa mwezi. Kanuni zetu ni mbili: chupa ni moja tu, na mwenye zamu ya kuendesha gari hunusa bila kunywa. Wala haonewi, maana sehemu kubwa ya ladha ya wiski iko puani.

Tuanze na lebo. Kanuni za Uingereza za 2009 zinataka wiski ya Uskoti ikae kwenye mapipa ya mwaloni, huko huko Uskoti, kwa miaka isiyopungua 3, na kileo chake kisiwe chini ya asilimia 40. Ukiona nambari 12, huo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, si wastani. Na miaka huhesabiwa ndani ya pipa peke yake. Chupa uliyoificha kabatini tangu 2010 haijazeeka hata siku moja. Maneno "single malt" maana yake ni kwamba imetengenezwa kwa kimea cha shayiri bila nafaka nyingine, katika kiwanda kimoja. Johnnie Walker tuliyoizoea kwenye baa nyingi ni mchanganyiko wa wiski za viwanda mbalimbali, na si dhambi kuipenda. Rangi nayo isikuhadae, kwani sheria inaruhusu kutiwa karameli.

Utamu wenyewe hutoka sana kwenye pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hiyo mapipa yakishatumika huuzwa Uskoti. Hapo ndipo unapopata vanila na asali. Mwenzetu mmoja wa Kilifi kila mara husema anasikia nazi, na ana haki: mwaloni wa Marekani una laktoni, kemikali zenye harufu ya nazi. Mapipa yaliyokaa mvinyo wa sherry huleta zabibu kavu na tende. Halafu kuna kisiwa cha Islay, kwao Laphroaig na Ardbeg, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji. Harufu yake ni samaki wa moshi na dawa ya hospitali. Mimi naipenda, wenzangu wawili hukimbilia dirishani.

Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Mimina kidogo, nusa taratibu huku umeachama kidogo, kisha onja na uizungushe ulimini kabla ya kumeza. Baadaye tia matone machache ya maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi hulalamika. Hapa mnywaji ndiye anayeyatia kwa mkono wake, ukali ukapungua na harufu ikafunguka. Barafu huzifunga harufu. Lakini joto la Machi hapa Mombasa nalo ni mushkeli, kileo huruka puani kabla ya kitu kingine, kwa hiyo chupa yetu hukaa kwenye friji dakika kumi hivi.

Yote hayo ni bure ikiwa kilichomo si wiski. Kabla ya kulipa, angalia kama kifuniko kimeguswa, na uikague stempu ya KRA kwa programu ya Soma Label kwenye simu. Methanoli hupofusha na kuua, na pua yako, hata iwe hodari vipi, haiwezi kuitegemea kukuonya. Nasi tukimaliza chupa huikwaruza lebo yote kabla ya kuitupa, kwa sababu chupa tupu yenye lebo safi haikosi mnunuzi.