Maana na Matumizi ya Maneno "Kata" na "Mzunguko": Mifano kutoka Namanyere

Neno *kata* humtaabisha mtunzi wa kamusi, kwa kuwa umbo moja limebeba maana ambazo baadhi ni ndugu na baadhi ni majirani tu. Makala haya yanalichunguza pamoja na neno *mzunguko*, kwa mifano ya Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, ambako maneno hayo hukutana katika maelezo ya kilimo na, kwa maoni yetu, hupotosha.

Maana ya msingi ya kitenzi *kata* ni kutenganisha kitu kwa chombo chenye makali. Kutokana nayo zimechipuka maana za kisitiari, na nomino inayofuata ndiyo huamua: anayekata tamaa hupoteza, anayekata shauri huamua, anayekata tiketi hununua. Hiyo ni polisemia. Hata kata ya utawala, kama Kata ya Namanyere, yaweza kuunganishwa na kitenzi hicho, maana ni kipande cha wilaya. Lakini kata ya kichwani, ile pete ya kitambaa au majani ya kuwekea mzigo, haina makali wala kipande. Waganda huiita *enkata*, na maana yake ni kitu kilichoviringwa. Kata ya kutekea maji nayo ni neno jingine. Hizi ni homonimu, zinazostahili vidahizo tofauti. (Mtu atokaye kisimani aweza kuwa na kata kichwani na kata mtungini, ndani ya kata moja, na asieleweke vibaya.)

*Mzunguko* una utata mdogo zaidi, ila una pande mbili: mwendo mahali, kama mzunguko wa damu, na hatua zinazojirudia kwa wakati, kama mzunguko wa hedhi.

Tofauti hiyo ndiyo hupotea shambani. Wabemba wa Zambia hukiita *chitemene* kilimo chao cha kukata matawi na kuyachoma. Jina lenyewe limetokana na kitenzi chao cha kukata. Hapo mkulima ndiye azungukaye: huhama, msitu ukaota tena. Wafipa, ambao sehemu kubwa ya uwanda wao ni nyasi, wana *intumba*. Mvua zinapokaribia kwisha, udongo hugeuzwa kwa jembe na nyasi hufukiwa ndani ya tuta la mviringo, zikaoza. Maharage hupandwa juu yake. Mvua za msimu unaofuata zikianza, tuta husambazwa, na ulezi au mahindi hupandwa sesa. Mkulima amekaa; mazao ndiyo yanayozunguka.

Kwa hiyo, waraka unaokataza "kilimo cha kukata na kuchoma", ukisomwa kana kwamba unahusu kila kilimo cha asili, humhukumu Mfipa kwa kitenzi asichokitenda. Kadhalika, bwana shamba akimfundisha "mzunguko wa mazao" kama jambo geni, anamrudishia maarifa yake kwa jina jingine. Tunapendekeza *intumba* iingizwe katika kamusi za Kiswahili kama kidahizo kamili, na fasili yake itumie vitenzi *geuza*, *fukia* na *sambaza*. *Kata* isiwemo.