Tuanzie Uani: Utangulizi wa Muziki wa Samba

Anayeijua samba kwa picha za kanivali ya Rio de Janeiro tu, zile za manyoya na magari yaliyopambwa, ameanzia mwisho. Namkaribisha aanzie uani kwa Hilária Batista de Almeida, aliyefahamika kama Tia Ciata, yaani Shangazi Ciata. Alizaliwa Bahia mwaka 1854, akahamia Rio angali kijana, akawa muuzaji wa vyakula vya kwao na mwenye cheo katika dini ya candomblé. Nyumbani kwake, mtaa wa Praça Onze, inasimuliwa kuwa sebuleni ulipigwa muziki uliokubalika kwa wakubwa, na uani zikalia ngoma ambazo polisi walizoea kuzisaka. Samba ililelewa na akina mama kabla haijapata jukwaa.

Walikuja nayo kutoka Bahia. Huko, katika samba de roda, watu husimama duara wakipiga makofi na tari, na pengine kukwaruza kisu kwenye sahani. Mmoja huingia kati kucheza. Akitaka kutoka, humgusisha kitovu anayempokea. Mizizi yake mingi ni ya Angola na Kongo, kwa watu wa lugha za Kibantu. Gatini Valongo, Rio, walishushwa pia mateka wa biashara ya utumwa waliotoka Msumbiji. Utumwa ulipofutwa mwaka 1888, wengi walitoka Bahia kwenda Rio kutafuta kazi.

Mwaka 1916 mwanamuziki Donga alisajili wimbo “Pelo Telefone” kwa jina lake, na ugomvi ukazuka papo hapo, kwani wengine waliokusanyika kwa Ciata nao walidai wametia mkono. Ugomvi huo nauona wa maana kuliko wimbo wenyewe. Sheria ilitaka mwenye mali mmoja. Duara halikuwa naye.

Mwaka 1928 vijana wa mtaa wa Estácio, Rio, walianzisha kundi la samba la Deixa Falar, wakitaka mdundo wa kutembea nao barabarani. Mmoja wao, Bide, hutajwa kuwa ndiye aliyeunda surdo, ngoma nene, kwa kopo kubwa la siagi. Pigo lake zito huangukia hesabu ya pili, si ya kwanza, na hapo ndipo mwili unapovutwa. Juu yake tamborim, ngoma ndogo, hukatakata, mwimbishaji huanza, wote huitikia. Maneno mara nyingi ni ya huzuni, lakini huzuni hiyo haiachwi kwa mtu mmoja. Kwangu, hicho ndicho kinachoidumisha samba.

Hata hivyo duara lilikuwa na mipaka yake. Dona Ivone Lara, muuguzi, alitunga nyimbo kwa miaka mingi zikipelekwa kwa wenzake kwa jina la binamu yake, kwa kuwa utunzi ulihesabiwa kazi ya wanaume. Mwaka 1965 aliingia kundi la watunzi wa shule ya samba ya Império Serrano, na wimbo aliotunga na wenzake wawili ukaimbwa na shule nzima kwenye kanivali.