Kanuni za Haki katika Mashindano ya Mashua Ndogo za Redio

Mashindano ya mashua yanapotajwa, wengi wetu huwafikiria wapiga makasia au manahodha wa ngalawa za pwani. Iko aina nyingine ifaayo sana shuleni: mashua ndogo ya mfano yenye mota ya umeme, ambayo mwendeshaji huiongoza kutoka ukingoni kwa mawimbi ya redio.

Tuseme shule moja ya Ngara na nyingine ya Biharamulo zimekubaliana kushindana. Ya kwanza ina fedha, ya pili haina. Yatupasa kufanya nini ili kishindacho kiwe ni akili wala si mfuko? Jibu ni kanuni za daraja, yaani masharti ambayo kila mashua hutimiza kabla ya kuingia majini.

Kwanza, maji yenyewe. Mito ya Kagera na Ruvubu ipitayo Ngara haifai: mkondo wa katikati una kasi kuliko wa ukingoni, hivyo njia mbili hazilingani, tena mito mikubwa ina viboko na mamba. Lambo lililotulia ni bora.

Pili, urefu. Mashua ikienda hujitengenezea wimbi. Kasi ikizidi, wimbi hurefuka hata likalingana na mashua yenyewe. Hapo mashua huwa kama ipandayo mlima wa maji. Mwingereza William Froude alichunguza jambo hili kwa kuburuta mashua za mfano katika birika refu huko Torquay kuanzia mwaka 1872. Kasi hiyo ya kikomo, katika mita kwa sekunde, ni takriban 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mashua majini katika mita. Mashua ya mita 1 hupata 1.25; ya mita 0.6 hupata 0.97. Katika mwendo wa mita 100, ya kwanza hutumia sekunde 80, ya pili sekunde 103. Sekunde 23 zimepotea kabla ustadi haujapimwa! Basi urefu uwekewe ukomo.

Tatu, tungamo. Wengi hudhani kwamba uwekwe ukomo wa juu. La, panatakiwa kima cha chini. Mashua nyepesi yenye mota kali huinuka na kuteleza juu ya maji, ikakiepuka kikomo tulichokitaja. Nao wepesi hununuliwa kwa vifaa vya ghali. Katika daraja la kimataifa la mashua za tanga za mita moja, urefu hauzidi milimita 1000 na tungamo halipungui gramu 4000. Mwenye mashua nyepesi huongeza risasi, na mbao za kawaida hazimwonei mtu.

Nne, umeme. Seli sita za volti 1.2 hutoa volti 7.2. Volti na aina ya mota zikiwa sawa kwa wote, kinachobaki ni umbo la mashua, rafadha na mkono wa mwendeshaji.

Tano, redio. Vyombo vya zamani vya megahezi 27 huingiliana vikitumia masafa yaleyale, na mashua ya mmoja hutii amri ya mwingine. Mwamuzi asiruhusu viwili vya namna hiyo katika mbio moja. Vya gigahezi 2.4 hutambuana na mashua zake, hivyo havina shida hiyo.

Kanuni isiyopimika si kanuni. Sharti la kwamba "mashua isiwe ya gharama kubwa" huzaa ugomvi, kwa kuwa hakuna mizani ya kulipima. Lakini sanduku lenye urefu wa ndani wa milimita 600, mizani, na voltimita ya maabara humaliza ubishi kwa dakika mbili. Kanuni zitangazwe muhula mmoja kabla, wala zisibadilishwe mkesha wa mbio.

Mwisho, zijaribuni kanuni zenyewe. Baada ya mbio, waendeshaji wabadilishane mashua na washindane tena. Ushindi ukimfuata mwendeshaji, kanuni zimefaulu. Ukiifuata mashua ileile mikononi mwa kila mtu, tafuteni sababu yake. Ikiwa ni umbo lililobuniwa vizuri, mpongezeni mjenzi. Ikiwa ni kitu kilichonunuliwa, kanuni ina tundu, nalo lizibwe kabla ya mwaka ujao.